Dizeli ya Kiangazi: Kumuaga Fundi Orvin Tveit

Baada ya miaka arobaini na mmoja katika karakana ya Ushirika wa Wakulima wa Kilstad, Fundi Orvin Tveit anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Aprili 2024. Jarida letu la ushirika limeniomba mimi, Marlys wa dirisha la spea, niandike habari zake kwa kuwa nimemvumilia kuliko mtu mwingine yeyote. Nilidhani nitaandika huku nacheka. Wapi!

Aliingia hapa mwaka 1983, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mikono imeshaota sugu kwenye shamba la baba yake. Hakuna trekta lililomshinda, liwe la kijani, jekundu, bluu au la manjano. Kwenye malori ndiyo usiseme. Dereva wa lori la injini ya Cummins akianza kutambiana na wa injini ya Detroit, Orvin aliwanyamazisha wote wawili: "Mnabishana ipi inapanda mlima vizuri? Mko Dakota Kaskazini, jamani. Mlima uko wapi?"

Lakini kwetu ubishi wa injini si mchezo. Watu wanarithi rangi ya trekta, yaani kampuni yake, kama wanavyorithi kanisa. Ili kumaliza maneno, Orvin alianzisha shindano la Januari. Matrekta manne ya kampuni tofauti yalilazwa nje, hita za umeme za kupashia injini moto zimechomolewa, dizeli ni ileile, na saa moja asubuhi yanawashwa mbele ya watu wote. Wakulima walinunua kwa kufuata shindano hilo. Orvin akisema hili zuri, basi limekwisha.

Januari 2005 kaka yake, Harlan, alileta trekta lake jekundu. Ukoo mzima wa Tveit ulikuwa wa kijani, na baba yao alikuwa amemnunia mwaka mzima kwa kununua jekundu. Asubuhi ile baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Matrekta matatu yaliwaka. La Harlan likakohoa mara mbili, likazima. Orvin akapaza sauti: "Kaka, livalishe sweta!"

Watu kama arobaini tukacheka mpaka machozi. Ndiyo, hata mimi. Harlan alilivuta trekta lake kwa mnyororo mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo ndugu hao wawili hawakusemezana, ingawa mashamba yao yamepakana.

Tusilolijua ni kwamba Orvin ndiye aliyejaza matangi yote manne jioni ya kuamkia shindano. Kwa Harlan alikosea pipa, akatia dizeli ya kiangazi, ambayo kwenye baridi yetu huganda kama mafuta ya nguruwe na kuziba chujio. Aligundua siku mbili baadaye alipopima mapipa. Akanyamaza. Aliona haya, na shindano ndilo lililompa jina. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka kumi na tisa.

Februari mwaka huu tukasikia kwamba Harlan amerudishwa kutoka hospitali ili afie nyumbani. Orvin, ambaye sijawahi kumwona akiomba ruhusa, aliomba nusu siku. Akaniomba twende wote, kwa sababu aliogopa kubisha hodi peke yake. Ndiyo maana nilikuwepo.

Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. "Kaka, ile dizeli..."

"Ya kiangazi," Harlan akamalizia. "Nilifungua chujio siku ileile. Lilikuwa nta tupu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ili nikuaibishe mbele ya watu wako? Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe. Umechelewa mno, mjinga wee. Haya, kaa."

Orvin alilia kwa sauti. Mimi nikakimbilia jikoni, nikawa naosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Walipata siku kumi na moja. Ardis, mke wa Harlan, anasema walizimaliza kwa kubishana ipi injini bora, huku Orvin akila chapati za viazi ambazo mgonjwa alikuwa hawezi hata kuzimeza. Harlan alifariki tarehe nne Machi. Tangu hapo Orvin huja dirishani kwangu kila asubuhi na kuniambia kwamba siku kumi na moja hazikutosha.

Alikuwa amepanga kufanya kazi miaka miwili zaidi. Anaondoka sasa kwa sababu ngano ya Harlan haijapandwa na Ardis yuko peke yake.

Amekataa keki na amekataa hotuba. Ameomba jambo moja tu, kwamba haya yachapishwe ili tuliocheka tusome. Nilimkatalia mara mbili, na mara ya tatu nikaona machozi. Basi jueni: trekta la Harlan Tveit halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la Orvin, na kicheko kilikuwa chetu.

Asante, Orvin, kwa kila injini uliyoifufua na kwa kila ubishi ulioumaliza. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na moyo uliotulia. Nenda salama. Ardis anakungoja shambani, na safari hii usichelewe.