Herufi ya Mwisho kwenye Simu ya Pindo

Benchi lenyewe lilikuwa mlango enzi zake. Tundu la kitasa bado lipo, na anayekaa katikati lazima aondoke na alama. Upande mmoja iko cherehani ya fundi nguo wanayemwita Pindo, upande wa pili kibanda cha fundi simu, dada mmoja aliyebatizwa Bisibisi. Kila asubuhi birika la kahawa likishatua, wanafika wengine wawili: Breki, dereva wa malori aliyestaafu, na Ukurasa, muuza magazeti ambaye husoma vichwa vya habari tu, habari zenyewe akajitungia. Jumatatu moja Pindo alikuwa ameshashona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile tena.

— Vipi, ndugu yangu, umemeza sindano? — Breki aliuliza.

Pindo alimpa Bisibisi simu yake. Kwenye kioo palikuwa na tangazo: kuanzia Jumapili, programu ya kupigia simu za video haitafanya kazi kwenye simu hiyo mpaka iwekewe apdeti, lile toleo jipya la mfumo wake.

— Si uiweke tu? — Ukurasa akasema.

— Nimebonyeza tangu alfajiri. Inaniambia simu yako iko sawa, hakuna kipya.

— Sasa iko sawa au haiko sawa?

— Ndiyo hapo sasa.

Kwa mwingine lingekuwa jambo la kupuuza. Lakini binti wa Pindo, wa pekee, ni kiziwi tangu kuzaliwa, na mwaka huu alikwenda chuo kilicho mwendo wa siku mbili, kujifunza kutengeneza miwani. Kila asubuhi kabla ya darasa humpigia baba yake, wakazungumza kwa mikono, simu ya Pindo ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo.

— Mwandikie meseji, — Breki alishauri. — Mimi simu yangu ya vitufe, na watoto wangu wote wananipata.

— Meseji ninaandika, — Pindo alisema taratibu. — Mwezi wa kwanza kule aliniandikia, "Niko salama, baba." Nikashukuru. Alipopiga ya video nikaona mikono yake inakwenda polepole, kama mtu aliyeshikwa na baridi. Nikajua mwanangu analia kila siku. Meseji inanipa habari, Breki. Mikono yake inanipa ukweli.

Breki akaitazama simu yake ya vitufe, akairudisha mfukoni.

— Tumia simu yangu, — Bisibisi akasema.

— Ahsante, dada. Leo yako, kesho ya jirani. Nguo ya kuazima haisitiri, na mimi ni fundi nguo, nalijua hilo.

Ukurasa akatoa simu yake, akaiweka kando ya ile ya Pindo. Zilikuwa pacha: jina moja, rangi moja, hata ufa zimepasukia pembe moja.

— Hii aliniletea mpwa wangu toka safari. Apdeti ilishaingia miezi mitano iliyopita. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Kama yangu imepata, yako imekosaje?

— Hilo jibu lake ninalo, — Ukurasa akajijibu mwenyewe kabla mtu hajafungua mdomo. — Wanazificha. Kuna ghala limejaa apdeti, wanangoja zioze ili ukanunue simu mpya.

— Apdeti haiozi, — Breki akamkatiza. — Inapita mizani, kama lori. Nimeendesha miaka thelathini, mimi najua. Mzigo ukifika mizani, mkaguzi hayupo, amekwenda kunywa chai. Unalala hapo wiki nzima. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana mtandao wetu una baraka tele.

— Wewe simu yako haina hata kamera!

— Asiye na kamera ndiye anayeona mbali. Halafu nakwambia kitu kingine, — Breki akashusha sauti, — hizi simu zinatusikiliza. Tukizitukana, zinanuna. Apdeti inafika mlangoni, simu inasema, "Kwa hawa? Rudi."

Ukurasa, ambaye hakubali kupitwa kwa uongo, akaiinamia simu ya Pindo na kuiomba radhi. Hata Pindo akacheka, kicheko kifupi cha puani.

Bisibisi hakucheka. Alikuwa amefungua mipangilio ya simu zote mbili na kuzisoma kwa kidole.

— Breki, leo umekaribia ukweli, Mungu akusamehe. Tazameni namba ya modeli. Ya Ukurasa inaishia na A. Ya Pindo inaishia na M.

— M ya maskini, — Ukurasa akanong'ona.

— M ya mtandao. Pindo, hii ulinunua dukani kwa kampuni ya mtandao, siyo? Ukiiwasha inaanza na nembo yao. Basi aliyeitengeneza akitoa apdeti, ya Ukurasa inakwenda moja kwa moja. Yako lazima kwanza kampuni ya mtandao iikague na kuiruhusu. Mizani ndiyo hiyo.

— Chukua apdeti ya kwangu umwekee! — Ukurasa akasema.

— Ndani chipu ni nyingine. Nikimwekea yako, hii itageuka tofali. Sura moja, matumbo mbalimbali.

— Samaki mkunje angali mbichi, — Breki alisema kwa huzuni, na hakuna aliyejua samaki ameingiaje.

Wakati huo alikuwa amesimama mama mmoja na sare mkononi, imechanika kwapa. Alikuwa mfagizi mgeni wa mtaa ule, hajawahi kushona kwa Pindo. Alikuwa amesikiliza yote, kuanzia ghala mpaka samaki.

— Samahanini, — akasema. — Hao wenye mtandao, mmeshawaambia?

Breki akamtazama Ukurasa. Ukurasa akamtazama Bisibisi. Pindo akatazama sindano.

— Nauliza tu, — mama akaendelea, — maana ninafagia ofisini kwao. Pale mlangoni kuna kitabu cha maoni. Kila siku nakifuta vumbi. Cheupe, hakuna aliyeandika.

Pindo aliona aibu, na ndani ya aibu akaona upenyo. Aliishona ile sare papo hapo, mishono miwili miwili. Kisha akafunika cherehani, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya adhuhuri.

Bisibisi alifungua daftari la wateja wake. Akawatafuta wenye simu inayoishia na M, akapata kumi na mmoja, na siku ya pili asubuhi wote walikuwa mlangoni pa ofisi ile. Pindo ndiye aliyeandika wa kwanza. Hakuandika matusi, ingawa Ukurasa alimpa matatu mazuri. Aliandika namba ya modeli, tarehe apdeti ilipotoka kwa mtengenezaji, na mwisho: "Binti yangu ni kiziwi. Hii ndiyo sauti yake." Wengine wakafuata. Kijana mmoja wa kaunta alisoma ukurasa mzima, akausoma tena, akapiga simu makao makuu huku wamesimama.

— Wanasema walidhani simu hizo hazitumiki tena, — akawaambia. — Wakaguzi walishamaliza, ila hakuna aliyeidhinisha. Nimewatumia ukurasa wenu.

Jumatano apdeti haikuja. Alhamisi haikuja. Ijumaa Pindo alimweleza bintiye kwa mikono kwamba huenda wakaishia hapo kwa muda, na bintiye akamjibu kwamba atajifunza kuandika meseji zisizodanganya. Usiku huo Pindo hakupata usingizi wa maana.

Jumamosi asubuhi simu ikatetema juu ya meza ya cherehani. Apdeti. Bisibisi aliipokonya, akaichomeka kwenye chaja, akawakataza watu kuigusa, kuipumulia wala kuiombea kwa sauti. Iliwaka baada ya nusu saa. Mchana walihesabu: katika wale kumi na mmoja, tisa wamepata. Wawili simu zao zilikuwa za zamani mno, mtengenezaji mwenyewe ameshazitupa mkono. Bisibisi aliwaambia ukweli huo, nao wakaupokea.

Jumapili, siku iliyoogopwa, binti akapiga. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka, mpaka Pindo akamwomba apunguze mwendo. Amesaga lenzi yake ya kwanza, mwalimu ameivaa! Breki, Ukurasa na Bisibisi wakajibana nyuma ya Pindo, vichwa vitatu kwenye kioo kimoja, wakipunga mikono ovyo kama watu wanaofukuza nyuki.

Binti akacheka. Kisha akauliza jambo kwa mikono.

— Anasemaje? — Breki aliuliza.

— Anasema kila akinipigia anawaona nyuma yangu midomo inakwenda. Anauliza, huwa mnabishana nini kila siku?

Ukurasa akajikuna shingo. Bisibisi akatazama birika.

— Mwambie… — Breki akaanza, halafu akasogea karibu na Pindo. — Hebu nifundishe kwanza, "subiri kidogo" mnasemaje kwa mkono?