Mtawa Niliyemsikia Nusu

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Mnivumilie, kwangu kurina asali ni rahisi kuliko kusema mbele za watu.

Mwaka juzi mama yangu alifariki kule Kasekese. Waliokuja msibani walikuwa wachache, na mimi nikanuna. Nawaambia ukweli, misiba ya wenzangu nilikuwa siendi, lakini hilo sikuliwaza kabisa.

Kipindi hicho katekista wetu alikuwa anatusimulia maisha ya mtawa mmoja wa kale wa Misri. Jumapili ya kwanza aliishia pale mtawa alipokwenda jangwani kwa mzee mmoja mkali, kusali na kufunga. Nikasema, huyo ndiye mimi! Jumapili ya pili sikurudi. Nilibeba blanketi na rozari, nikahamia kwenye kibanda changu porini, karibu na mizinga.

Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, unaenda kusali au umesusa?"

Nikamjibu naenda kumtafuta Mungu. Chekeni tu, hata mimi najicheka.

Mwezi wa pili wa kukaa huko homa ikanishika. Nililala siku tatu, maji ya kunywa yakaisha, na nguvu ya kwenda kuchota sina. Niliogopa sana kufa peke yangu.

Siku hiyo ya tatu zamu ya sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu. Mke wangu akawaambia mwenye nyumba yuko porini. Mama mwenyekiti akasema, "Basi tutasali hukohuko." Wakaja kwa miguu, wakikokota baiskeli moja, na sufuria ya uji kichwani. Niliposikia wimbo nikadhani nimeshafika mbinguni! Sala siku hiyo ilikuwa fupi. Wakanipakia kwenye ile baiskeli, wakanisukuma mpaka zahanati.

Katekista akanimalizia simulizi nikiwa kitandani, pamoja na mwanzo niliochelewa kuusikia Jumapili ile. Kumbe yule mtawa, kabla hajabatizwa, alichukuliwa jeshini kwa nguvu, akafungiwa, na Wakristo asiowajua wakamletea chakula. Na baada ya jangwa alijenga nyumba ambamo watawa walifanya kazi pamoja, wakala pamoja, mgonjwa akatunzwa. Nililia, jamani.

Asanteni nyie mlionisukuma. Asante mke wangu, uliyesema ukweli mapema. Siku hizi kukiwa na msiba, mimi nawahi kupasua kuni.

Nilichojifunza ni hiki: sala si mahali pa kufichia hasira. Na wewe uliyenuna hapo nyuma, unayepanga kutukimbia, nenda tu. Tutakufuata.