Moffat Kingori Anaziachia Spotlaiti za Landrova

Baada ya miaka ishirini na minne katika gereji yetu hapa Nyeri, Bwana Moffat Kingori, fundi mkuu wa umeme wa magari, anastaafu tarehe 30 Juni 1986. Kamati ya sherehe iliniomba niandike haya kwa sababu tumekaa naye benchi moja miaka kumi na saba. Hawakuniuliza kama ningependa. Basi nitayaandika jinsi yalivyokuwa.

Alikuja mwaka 1962 kutoka Giakanja, akaanza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Miaka miwili baadaye alikuwa anashika waya. Landrova za ranchi, za msituni na za wanunuzi wa mchele wa Wang'uru zote zilitaka spotlaiti mbili kwenye bampa, na zote zilipita mikononi mwake. Kufunga taa si kazi. Kazi ni taa kuwaka bado baada ya mwezi mzima wa mashimo na vumbi.

Mimi nilijifundisha umeme huko Meru kwa kufungua dainamo mbovu, bila kozi na bila mjomba ofisini. Nilipofika hapa nilikuta kila mteja tayari ana fundi wake, na fundi wa wote ni Kingori.

Mwaka 1974 Landrova ya ranchi moja upande wa Doldol ililetwa spotlaiti zikiwa zimekufa mara ya tatu. Kingori alikuwa amekwenda harusini, nikaishika mimi. Nilikuta dereva, Saimon, ameizungushia fyuzi iliyoungua ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki. Kinachoungua ni waya. Nikang'oa waya wote ulioyeyuka. Taa mbili za wati hamsini na tano kwa betri ya volti kumi na mbili hula zaidi ya ampea tisa, kwa hiyo niliweka waya mnene, fyuzi ya kumi na tano karibu kabisa na betri, na rilei ili swichi isibebe mzigo wote. Zikawaka, uani kukawa mchana.

Kingori akarudi, akatazama, akasema ni kazi safi. Kisha akamwambia Saimon apandishe gurudumu moja la mbele juu ya lile jiwe kubwa la uani. Gari likajipinda. Waya wangu, niliokuwa nimeunyoosha vizuri kutoka kwa bodi hadi kwa bampa, ukavutika ukalalia ukingo wa chuma.

"Gikunda, wewe umefungia gari iliyolala," akasema. "Hii inaenda Doldol."

Gereji nzima ikacheka. Akaulegeza waya kidogo, akauvisha kipande cha mpira wa bomba, akaufunga mbali na chuma na mbali na ekzosi. Saimon akaenda kutangaza Doldol nzima kwamba aliyetengeneza ni Kingori.

Ninakubali, jiwe lilitusaidia: tangu siku ile kila gari la spotlaiti hupandishwa juu yake kabla ya kutoka. Kabla yake, katika kila magari kumi ya spotlaiti, manne yalirudi na lawama. Siku hizi halirudi hata moja. Lakini hesabu ya kazi ya siku ile ni hii: sehemu tisa zangu, moja yake, na jina lote lake. Tangu hapo Magdaline wa mapokezi akimwambia mteja kwamba mimi nina nafasi, anajibiwa, "Ati Gikunda? Wacha ningoje mzee."

Tena ana njia ya kupendwa ambayo sikuipata. Mimi niliwaeleza madereva hatari ya karatasi ya sigara kwa ampea na wati, wakapiga miayo. Yeye aliwapa fyuzi mbili za akiba ndani ya kiberiti kitupu, wakaacha.

Kuanzia Julai benchi ni langu. Kwa hiyo wiki iliyopita, Saimon alipoingia na Landrova mpya na kumwuliza Magdaline njia ya kwenda kwa Kingori huko Giakanja, niliweka koleo chini nikasikiliza. Nilijua akienda yeye, Doldol yote itamfuata. Kingori alimsikia. Akatoka na kikombe chake cha chai, akamwambia, "Giakanja niko na kahawa na ng'ombe mbili. Spana sina. Fundi ni huyu." Akachukua funguo za Landrova kwa Saimon, akaniwekea mkononi.

Nimetamani miaka kumi na saba mteja wa Doldol aniite kwa jina. Na huyu wa kwanza, jamani, nimepewa na Kingori!

Asante, mzee, kwa mpira wa bomba, kwa kicheko na kwa funguo. Nenda ukae na mkeo, Mama Wacera, kahawa izae, ng'ombe watoe maziwa, na afya isikupungukie. Na gari lolote likikufuata huko, tafadhali usilifungue boneti. Lielekeze mjini, uwaambie wamwulizie Gikunda.

Julius Gikunda
Benchi la umeme