Odile Arceneaux na Boneti Iliyoungua

Padri wetu, ndugu, majirani na wote mliofika, historia hii inasomwa na Honorine Melancon, mtoto wa kaka wa marehemu, kwa niaba ya familia, na marehemu aliagiza kwa kinywa chake kwamba isipunguzwe wala isipakwe sukari, kwa hiyo yeyote anayehofia kulisikia jina lake, mlango uko nyuma yake na haujafungwa.

Marehemu Odile Marie Arceneaux alizaliwa tarehe 8 Novemba 1956 hapa Sulphur, Louisiana, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Alcide Melancon, fundi wa kunyoosha bodi za magari, na mkewe Eugenie, mtoto wa kwanza akiwa Ulysse, baba yake msomaji, ambaye yuko nasi, safu ya tatu, mwenye tai ya kijivu.

Alisoma shule ya parokia hapa hapa, akamaliza sekondari mwezi Mei 1974 akiwa wa pili katika darasa lake, na siku ya kupokea cheti baba yake alimwambia kwamba angekuwa mvulana angempeleka chuo, akacheka, na marehemu hakucheka. Juni ya mwaka huo aliingia gereji ya baba yake kuosha magari, akafunga ndoa na Clovis Arceneaux, mchomeleaji wa kiwandani, tarehe 21 Oktoba 1978, wakajaliwa Gaston, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1980, na Rosalie, tarehe 17 Agosti 1983, wote wapo hapa mbele.

Kazi ya mashine ya kung'arishia hakufundishwa na mtu, alijifunza mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, kwenye mlango wa gari bovu nyuma ya gereji, mpaka mlango ule ukawa unaakisi uso wake, na ninyi mnaoishi kati ya viwanda hivi vya mafuta mnajua rangi ya gari inavyoota ukurutu hata ukiiosha kila Jumamosi. Yeye alikuwa akivalisha mkono wake mfuko wa plastiki, anafumba macho, anapapasa boneti nzima, kisha anakwambia gari hili linalala upande gani wa barabara. Kufikia mwaka 1986, alipofariki mzee Alcide, wateja walikuwa wakimuulizia yeye, lakini gereji akairithi Ulysse.

Siku ya Jumatano, tarehe 19 Juni 1991, Ulysse alikuwa na haraka ya kwenda kuvua kaa, akaishika mwenyewe mashine juu ya gari jeusi la daktari wa meno, mashine ya zamani, ile inayozunguka tu bila kuyumba, akaikandamiza kwenye ukingo wa boneti, mahali ambapo rangi ni nyembamba kuliko karatasi, akaiacha pale pale mpaka rangi ikaungua, kikabaki kidonda cha kijivu ukubwa wa kiganja. Daktari alipokuja kuchukua gari lake, Ulysse alinyoosha kidole.

"Ni huyu dada yangu. Nimemkataza mara ngapi asiguse mashine!"

"Ulysse, niangalie usoni," marehemu alisema. "Nani alikuwa ameishika?"

"Wewe."

"Rudia."

"Ni wewe, Odile. Mwanamke na mashine, wapi na wapi? Haya, toka kwenye gereji yangu."

Mafundi wanne walikuwepo, wote wakatazama viatu vyao, na mmoja wao yuko kanisani leo, hatutamtaja kwa kuwa alikuja nyumbani mwaka jana akalia. Marehemu alitoka na aproni yake mwilini, akatembea kwa miguu hadi nyumbani, na kwa karibu miaka miwili hakuna gereji ya Sulphur wala Lake Charles iliyomkubali, maana habari ilishasambazwa kwamba ana mkono mbaya, akawa anapika wali na mchuzi katika jiko la shule, na huko nako watu walimuuliza kwa utani kama ameunguza sufuria.

Aprili 1993 Clovis alimjengea banda la mabati pembeni ya nyumba, akaanza upya, na kwa miaka thelathini banda lile halikukosa gari. Msomaji wa historia hii alimfuata mwaka 2004, baada ya kugombana na baba yake, na siku ya kwanza shangazi hakumuuliza wamegombania nini, alimpa mashine na boneti chakavu ya kufanyia mazoezi.

"Weka matone manne ya dawa ya kusafishia kwenye sponji, yasizidi. Yapake kwanza ndipo uwashe, vinginevyo utaoga. Haya, polepole, eneo dogo, kwenda na kurudi, halafu juu na chini. Unaisukuma ya nini? Ina uzito wake, wewe iongoze tu!"

"Shangazi, mbona hapa hapang'ai?"

"Kwa sababu unaharakisha kama baba yako."

Ndivyo alivyofundisha, kwa matusi, na kila ukingo alitaka ubandikwe utepe kabla mashine haijawashwa, na dawa ya kuifunga rangi alitaka ipakwe nyembamba kiasi cha kutoonekana, iachwe ikauke iwe kama ukungu, ndipo ifutwe kwa kitambaa safi, na kitambaa kikianguka chini hata mara moja, hakikurudi kwenye gari.

Kimbunga cha Agosti 2020 kiling'oa paa lote la gereji ya Ulysse na kuliacha banda la marehemu, naye Ulysse akaja mlangoni kofia mkononi.

"Odile, nina magari sita hayana pa kukaa."

"Magari sina ugomvi nayo. Yaingize."

"Na mashine yako nitaweza kuazima?"

"Mashine ipo. Wewe ndiye huiwezi."

Alimpa upande wa kushoto, akachora mstari wa chaki sakafuni, na kwa miezi minne ndugu wawili wa tumbo moja walifanya kazi chini ya bati moja bila salamu, mpaka Ulysse alipoezeka paa lake akaondoka bila kusema asante, akaondoka pia na wateja watatu wa dada yake.

Tarehe 11 Januari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali ya Lake Charles kwa miezi minane, na mwanzoni mwa Septemba Ulysse alimtembelea na maua, marehemu akamwambia maua ampe nesi, yeye anataka neno moja tu, aseme mbele ya watu nani aliunguza boneti ile.

"Mambo ya miaka thelathini, Odile, mimi hata siyakumbuki. Unaumwa, pumzika."

Marehemu aligeukia ukutani, na hawakuonana tena. Alifariki nyumbani kwake siku ya Ijumaa, tarehe 22 Septemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Clovis, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, na ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Juzi Jumatatu, saa nne asubuhi, Ulysse alifika nyumbani kwa marehemu akaidai karatasi hii, aone kitakachosomwa, akaisoma amesimama jikoni, uso umemwiva, kisha akamwambia binti yake afute sehemu ya gari la daktari.

"Sifuti, baba."

"Utanidhalilisha mbele ya kanisa zima?"

"Shangazi alidhalilishwa mbele ya mji mzima."

Akaomba kalamu, Clovis akainuka akidhani karatasi itachanwa, lakini Ulysse aliiweka mezani, akatafuta mstari wake. Sisi tulikuwa tumeandika tarehe 12 Juni. Akaikata, akaandika 19 kwa mkono wake, akasema, "Ilikuwa Jumatano ya kumi na tisa. Yeye ndiye aliyekuwa ameniambia nibandike utepe." Kisha akatoka, hakunywa hata kahawa.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Lake Charles, majirani waliopika kwa zamu tangu Januari, wafanyakazi wenzake wa jikoni shuleni, na wateja waliokuja leo na magari yaliyooshwa, mmemheshimu. Jeneza litabebwa na Gaston, Rosalie, Clovis, Honorine na wajukuu wawili wakubwa, kama alivyoagiza, na Ulysse hayumo, kwa kuwa marehemu alisema kaka yake hakumbebea chochote alipokuwa hai, na aliyeyasema hayo hayupo tena kuyabadilisha. Baba, unaweza kutembea nyuma yetu.

Pumzika, shangazi Odile, kwa amani uliyonyimwa, jina lako limesafishwa.