Jumamosi Niliyomnyima Mama Ayuma

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Asenath Ayuma anastaafu baada ya kukitumikia Chuo Kikuu cha Upeo, Kampasi ya Jericho, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Jina hilo la Bi. Asenath hutumika kwenye barua za ofisi tu. Kwingine kote ni Mama Ayuma, kuanzia langoni hadi maabara, kuanzia hapa Jericho hadi mtaa wa Lucky Summer. Mwandishi wa wasifu huu ameketi meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na miwili, na mpaka leo kuna walinzi wanaomtambua kama yule jamaa wa karibu na Mama Ayuma.

Aliajiriwa Machi 1994 kama mfagizi, wakati chuo kilikuwa taasisi ndogo ya ufundi yenye darasa la uchomeleaji, darasa la ushonaji na choo kimoja. Akawa tarishi, kisha karani wa kumbukumbu. Tulipopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2013, aliletwa idara ya udahili, na mwaka huohuo akaanzisha Siku ya Wageni. Mwandishi alikuwa na diploma mbili na tai. Siku ya Wageni hakuianzisha yeye.

Kwa ambaye hajawahi kuihudhuria, mambo huwa hivi. Vijana waliopewa barua za kujiunga huja na wazazi wao, wiki moja kabla ya siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi, ili waone wanakokwenda. Hufika na barua, nakala ya kitambulisho na nguo za kanisani. Huandikwa kwenye daftari la wageni, jina na nambari ya simu. Saa tatu wanasalimiwa, na hotuba ya mkuu wa chuo haizidi dakika kumi, kwa sababu Mama Ayuma husimama kando yake ameshika birika. Saa nne barabara, anawatenganisha.

Hapo ndipo penye ufundi wake. Wazazi hubaki naye kantini kwa chai na mandazi. Vijana huenda bwenini na wanafunzi wa mtaa wao, wa Pumwani na wa Pumwani, wa Baba Dogo na wa Baba Dogo, na mfanyakazi yeyote wa chuo haruhusiwi kuwafuata. Anasema mtoto hawezi kuuliza swali lake la kweli babake akiwa hapo, na baba hawezi kukiri hofu yake mbele ya mtoto. Basi kule bwenini vijana wanauliza kama mtu akianguka mtihani anafukuzwa, na kantini wazazi wanauliza kama mtoto akiugua kuna mtu atajua. Saa saba wanakutana tena, wote wakiwa wamelegea mabega.

Anakumbuka majina, haki, inaudhi. Mwaka 2014 alimwona Mzee Opicho wa Lucky Summer amesimama nje ya lango na ovaroli ya kiwandani, akimsukuma binti yake Millicent aingie peke yake kwa sababu yeye hakuvaa vya wageni. Mama Ayuma hakumbembeleza. Alimwendea akamwambia, "Baba Millicent, hebu nishikie hii sufuria ya chai, mgongo wangu umekataa." Mzee akabeba sufuria hadi kantini, akaambiwa sasa awamiminie watu, na kufikia saa tano alikuwa anawaeleza wazazi wengine chuo kilivyo utadhani alikijenga. Millicent ndiye huyo fundi wetu wa maabara. Kila Krismasi Mzee Opicho humletea Mama Ayuma kuku. Mwandishi, aliyeandika barua ya Millicent kwa mkono wake mwenyewe, hajawahi kuletewa hata yai.

Wacha niache kujiita mwandishi. Jina langu ni Dedan Mureithi, afisa wa udahili, na nilimwonea Mama Ayuma gere. Ratiba iliyochapishwa ilikuwa yangu. Mabango ya kuelekeza watu yalikuwa yangu. Slaidi sitini na nne, zenye picha, zilikuwa zangu, na kila mwaka zilipewa dakika tano. Mzazi akifika mezani kwangu, namkaribisha kwa tabasamu lote nililo nalo, naye ananiangalia kama mtu aliyekosea mlango, halafu anauliza, "Mama Ayuma yuko wapi?" Roho iliniuma mpaka nikazoea kuumwa.

Mwaka 2019 nilipewa kupanga tarehe. Nikaiweka Siku ya Wageni Jumamosi. Kwenye mkutano nilisema ni kwa faida ya wazazi wanaofanya kazi viwandani katikati ya wiki, na wakuu wakanipongeza kwa kuwajali wananchi. Lakini Mama Ayuma ni Msabato. Jumamosi hafagii hata mlangoni pake, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote pale mezani. Alinitazama mara moja, akaandika tarehe kwenye kitabu chake, akasema sawa.

Weuh, siku yangu ilikuwa tamu! Niliwaketisha wote ukumbini, mzazi na mtoto wake, kiti kwa kiti. Sikumtenganisha mtu, kwa nini niwatenganishe watu wa nyumba moja? Nilionyesha slaidi zote sitini na nne. Nilipouliza kama kuna swali, ukumbi ulinyamaza, na mimi nikafurahi kwamba nimeeleza nikaeleweka. Mkono mmoja tu ulinyooka, wa Mama Waruguru, muuza mboga kutoka Pumwani. Nyote mnajua aliuliza nini.

Kufikia Jumatano, vijana arobaini na mmoja kati ya mia moja na arobaini walikuwa hawajathibitisha nafasi, na mlango ulikuwa unafungwa Ijumaa. Nilisema ni vijana wa siku hizi, hawajui wanachotaka. Mama Ayuma alichukua daftari la wageni, akaenda kukaa nyuma ya kantini, na kwa siku mbili, kila saa ya chakula, alipiga simu kwa laini yake mwenyewe. Alizungumza na wazazi kwanza, kisha akaomba mtoto aende nje na simu.

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba Muindi wa Baba Dogo alisikia nikisema kila mwanafunzi anakuja na kompyuta, akakata tamaa hapohapo kitini. Nilisema hivyo, slaidi ya kumi na nane, na haikuwa kweli, maana tuna chumba kizima cha kompyuta. Alijua kwamba Sally wa Jericho alikuwa ananyonyesha, na asingeweza kuuliza kuhusu hilo akiwa kiti kwa kiti na babake. Alijua kwamba babake Sally naye alikuwa na swali hilohilo, akaona haya kuliuliza mbele ya Sally. Walikaa saa tatu nzima wakinisikiliza mimi. Ijumaa jioni, kati ya wale arobaini na mmoja, thelathini na saba walikuwa wamethibitisha.

Mkutano uliofuata, mkuu wa idara alisifu Siku ya Wageni iliyofana kuliko zote. Nilimwangalia Mama Ayuma. Akasema, "Ilikuwa kazi ya Mureithi." Nikapewa saa ya ukutani, na watu wakanipigia makofi. Niliitundika juu ya meza yangu, na kwa miaka sita imekuwa ikinisuta kila dakika. Mwaka uliofuata nilirudisha Siku ya Wageni Jumatano bila kutoa sababu, na hakuna aliyeniuliza.

Mnaweza kudhani wivu uliishia hapo. Wapi! Mei mwaka huu, Msajili, Bwana Caleb Andati, alimwomba Mama Ayuma aandike jina la atakayeiendesha Siku ya Wageni baada yake. Mimi ndiye mkongwe wa idara, na hiyo ndiyo kazi niliyoitamani kwa miaka kumi na miwili. Lakini kuna Sylvance, kijana wa juzi anayesalimia walinzi kwa majina, anayejua nani anatoka mtaa gani, na Mama Ayuma humpakulia mandazi ya ziada. Sikulala vizuri. Nikajitolea kuandika wasifu huu. Mlidhani ni upendo? Anayeandika wasifu hupewa faili la mstaafu.

Nililifungua nikiwa nimefunga mlango. Karatasi yenye jina la mrithi wake ilikuwa ya mwisho, kwa mwandiko wake wa duara aliojifunza kwenye madarasa ya watu wazima. Iliandikwa hivi: "Mureithi. Anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza, na hilo Sylvance atamsaidia. Ila isiwekwe Jumamosi. Nataka kuja."

Alijua tangu siku ile ya mkutano. Aliandika tarehe, akasema sawa, akaokoa watoto wa watu, akanipa sifa zao, na sasa amenipa siku yenyewe. Bado namwonea wivu, msinielewe vibaya. Tofauti ni kwamba sasa najua ninachokionea wivu.

Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa tarehe 27 Juni, kantini, kuanzia saa sita mchana. Tutamaliza saa tisa, ili afike nyumbani mapema ajiandae kwa Sabato yake. Mzee Opicho ameshaomba kumimina chai.

Mama, asante kwa miaka thelathini na mmoja, na unisamehe kwa Jumamosi moja. Saa ya ukutani nimeishusha, nimeifuta vumbi na kuitia betri mpya. Utakabidhiwa Ijumaa, ni yako. Tunakuombea afya, mgongo usiokataa sufuria, na kustaafu kwa raha pamoja na wote wanaokupenda. Siku ya Wageni ni Jumatano, tarehe 13 Agosti. Saa nne nitawatenganisha, kisha nitanyamaza. Kiti chako kitakuwa kantini, karibu na birika, na mzazi akija mezani kwangu kuuliza Mama Ayuma yuko wapi, nitainuka nimpeleke mwenyewe.