Mdomo Tu Iko Nalala

Wasikilizaji wapendwa, ukiwa Oli unafungua duka, ukiwa Kuluba unapumzika shambani, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mariam Poni, mama wa nusukaputi. Miaka ishirini na miwili aliwapa watoto wetu dawa ya usingizi kabla ya upasuaji, katika hospitali moja hapa Arua. Wengine walimwita mkaidi. Alikuwa mkaidi kweli, na mimi nasema asante.

Poni alizaliwa Koboko, binti wa Sajenti Pitia. Kwao, mtoto wa askari halii. Akram, mwanawe, ameniambia: "Mama akiwa mdogo alikanyaga mwiba mkubwa, akanyamaza. Babu akasema huyu hasikii uchungu. Mama hakusahau hiyo maneno."

Mtoto aliyepewa nusukaputi hawezi kulia. Kwa hiyo Poni alimsoma mwilini: kidole kwenye mshipa wa shingo, macho kwenye jasho la paji, masikio kwenye mashine ya mapigo.

Siku moja akaletwa Daisy wa Ajia, miaka minne, ana ngiri. Daktari Obitre akapitisha kisu. Mapigo yakapanda kutoka mia moja na kumi hadi mia moja na hamsini. Chozi likatoka kwenye jicho lililofumbwa. Poni akatoa amri aliyoisikia kwa baba yake langoni mwa kambi: "Simama!"

"Mama Poni, mtoto iko nalala," daktari akasema.

"Mdomo tu iko nalala, daktari. Roho iko nakimbia."

Kisu kikasimama. Poni akaongeza dawa ya maumivu, akasubiri mapigo yashuke. Dakika sita. Narudia, dakika sita. Ndipo akasema, "Haya, endelea."

Dakika hizo zilimtoa kwenye chumba cha upasuaji. Barua ilisema anachelewesha kazi. Miezi mitatu aliandika kadi za wagonjwa mapokezini, mwanamke mwenye ujuzi ule! Inaniudhi hadi leo. Wakamrudisha kwa sharti kwamba asimsimamishe daktari tena. Siku ya kwanza, mtoto wa kwanza, akasema: "Simama!"

Jana Daktari Obitre alinipigia simu. "Ile barua niliandika mimi," alisema. "Sema kwa redio, watu wajue. Siku hizi sikati mtoto kabla ya kuuliza roho iko namna gani."

Mariam Poni alifariki Jumanne kwa ugonjwa wa figo, akazikwa Kuluba. Akram, na ukoo wote wa Sajenti Pitia, poleni sana. Mola amrehemu.

Nimeombwa tukae kimya dakika moja kwa heshima yake. Nimekataa. Mama huyu hakuamini kimya cha mtu yeyote. Mtazame aliyenyamaza hapo nyumbani kwako. Mshike mkono, muulize anaumwa wapi, na usikubali akikwambia hakuna kitu. Dakika inaanza sasa.