Mkaguzi Asiyeamini Plasta

Baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tano wa fundi cherehani na mkunga. Bibi alisema huyu hata maziwa aliyanusa kwanza.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1971, akaajiriwa kufunga nondo. Mwaka 1988 akawa mkaguzi wa majengo. Aligonga nguzo kwa nyundo, akatega sikio, na hakuamini neno la mtu hadi ukuta wenyewe uitike.

Tarehe 2 Juni 1979 alimwoa mama. Kabla ya kuketi alizigonga nguzo zote sita za ukumbi, mama mkwe akamwuliza, "Mwanangu, umekuja kuoa au kununua jumba?"

Jengo tunaloishi, la ghorofa sita, alilifunga nondo yeye mwenyewe mwaka 1976. Baada ya tetemeko dogo la Novemba iliyopita, nguzo za chini zilipata nyufa zinazovuja kutu. Aliandika ripoti tatu. Zote, tunaambiwa, hazionekani. Wiki aliyolazwa kwa ugonjwa wa figo, nyufa zilizibwa kwa plasta na kupakwa rangi. Mwenye nyumba anasema hajui aliyeziba ni nani. Yupo hapa na shada kubwa kuliko yote, nasi tunamshukuru kwa shada.

Hospitalini baba aliniambia, "Usimshuku yeye peke yake. Mchanga tuliojengea ulikuwa na chumvi iletayo kutu, niliuonja. Ringi zinazoshikilia nondo nilizipanga zikiachana mno, maana msimamizi alitaka chuma kitoshe. Nikanyamaza, nikiogopa kufukuzwa. Nguzo iliyoliwa na kutu siku za kawaida inasimama vizuri tu. Ardhi ikitikisika kweli, ringi zinakatika, nondo zinapinda, zege linamwagika. Yaandike kwenye wasifu. Kaburini hakuna atakayenikatiza."

Nilimkasirikia sana. Hata sasa nina hasira naye, na ninampenda.

Alifariki tarehe 14 Agosti 2022, saa tano asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na familia ishirini na mbili zinazoishi juu ya nguzo zile. Mungu ampe baba pumziko la amani. Majirani zangu, tukitoka hapa twende tukatoe watoto na magodoro. Mle tusilale tena.